Paipu ya Shaba

Watu wa Cheptiret huleta mahindi kwa kisiagi cha Mburu tangu asubuhi. Kisiagi hicho kinasaga kwa injini ya dizeli. Dizeli ilipopanda bei, Mburu alianza kununua iliyochanganywa na mafuta ya mimea, yanayotengenezwa Eldoret kutokana na mafuta yaliyotumika kukaanga chipsi. Hilo halikuwa kosa.

"Baba Ciru, hii paipu ya mafuta inavuja," mkewe Wacera alimwambia.

"Nitaweka ya shaba. Shaba haishiki kutu."

Akaiweka. Mafuta akayahifadhi kwa pipa la mabati. Baada ya wiki kadhaa Wacera aliona yanayotoka kwa paipu yamekuwa kijani, akamwambia.

"Wee mama, injini niachie mimi!" Mburu akacheka. Ubishi wa huyo mtu, jamani!

Siku ya soko paipu ilitoboka. Mafuta yakarukia ekzosi, bomba la moshi lililokuwa moto sana, yakawaka. Wacera alimfunika mumewe kwa magunia huku akipiga nduru. Mburu alipona, lakini hospitalini vidole vyote vya mkono wake wa kulia vilikatwa.

Fundi wa injini, Jepkosgei, alikuja kukagua. Aliikunja ile paipu kidogo tu, ikavunjika.

"Mama Ciru, ona. Imeliwa kutoka ndani."

"Si Baba Ciru alisema shaba haishiki kutu?"

"Kwa maji, inavumilia. Lakini mafuta haya yanakula shaba. Yanakula pia zinki iliyopakwa kwa mabati. Yakikaa sana yanakuwa na asidi, na maji yakiingia ndiyo mbaya zaidi. Hiyo kijani ilikuwa shaba yenu inayeyuka."

"Nilimwambia," Wacera akalia. "Haki nilimwambia!"

"Pole, mama. Sasa weka tanki na paipu za stenlesi, kile chuma cha vijiko. Toa maji chini ya tanki kila wiki. Nunua mafuta ya kutumia, si ya kuweka. Na ukiona yamebadilika rangi ama yanavuja, zima injini kwanza."

Wacera alifanya hivyo. Siku hizi ndiye anayesaga, na hakuna tone linalovuja.

Juzi jirani yao Irungu alikuja na furaha, akakaribishwa chai. Pampu yake ya maji inatumia mafuta hayo hayo.

"Mzee Mburu, nimeiwekea paipu ya shaba. Hiyo itadumu!"

Mburu hakubishana. Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani mbele yake.

"Nenda uing'oe leo," akasema.

Irungu aliuangalia ule mkono, akainuka bila kumaliza chai.