Simu ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi kompyuta tunayemwita Mzee wa Nyaya, na mpaka leo akiyasimulia hushusha sauti.

Mama mmoja alimletea simu ya marehemu mumewe. "Nihamishie sauti zake kwenye kompyuta, baba. Watoto wameanza kuisahau sauti yake."

Alidhani ni kazi ndogo. Lakini kila alipochomeka waya, kompyuta ilinguruma, skrini ikawa bluu, ikazima. Akabadilisha waya. Akafuta programu, akaiweka upya. Akaleta kompyuta nyingine, nayo ikazima vilevile. Mchana kutwa alihangaika katika chumba chake cha kazi kisicho na dirisha, macho yanamuwasha, mgongo umekufa ganzi, na yule mama ameketi peke yake kwenye benchi.

Mwishowe akanyoosha mikono. Akachomoa waya, akaitoa betri ya simu na kuiweka mezani. Hapo umeme ukakatika. Giza likatanda, na feni ikazunguka polepole mpaka ikanyamaza.

Katika ukimya ule akasikia mlio mdogo, ule wa simu inapowaka. Kisha sauti ya mwanaume, mtu aliyechoka kabisa, ikasema:

"Basi, fundi. Niache nipumzike."

Rafiki yangu akapapasa meza. Betri ilikuwa palepale alipoiweka, ya baridi.

Kutoka kwenye benchi, yule mama akajibu taratibu, "Haya, baba watoto. Lakini sogea kidogo, umenibana."