Lengo la Saa Nne na Dakika Arobaini na Saba

Maiti ilikuwa chini ya ngazi, kichwa kimeegemea pampu ya maji iliyowekwa pale kwa maonyesho. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Cha pili kilibaki ngazi ya tano kutoka juu.

Inspekta alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Kituoni walimwita Kiguu na Njia, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Kiti kwake kilikuwa kama pasi ya moto. Alipofika juu mara ya tatu alisimama mbele ya meza ya marehemu. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kikaratasi cha njano kilichoandikwa kwa kalamu: "Jaribu kabla hujaondoka."

"Jaribu nini?" akaiuliza meza. Meza haikumjibu, akashuka tena.

Mlinzi wa kampuni alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, mikono ya shati lake imelowa damu. Alisema alimwinua marehemu kuona kama bado ana uhai. Mwenye kampuni, mzee mfupi aliyevaa kandambili kwa kuwa aliitwa ghafla, alikuwa amesimama juu yake kama mwalimu wa zamu.

"Ulikuwa wapi asubuhi hii?" Inspekta akamuuliza mlinzi.

Mlinzi akamtazama mwenye kampuni kwanza. "Getini, afande."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Nani aliingia?"

"Marehemu peke yake, saa tatu. Leo Jumapili, hakuna kazi. Yeye alisema ana kitu cha kumalizia."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Basi mlikuwa wawili humu ndani," Inspekta akasema, "na mwenzako hawezi kuongea."

Walimtia mlinzi pingu hapo hapo.

Jumatatu saa tatu asubuhi, Mkuu wa Kituo aliligonga jalada kwa kidole. "Saa nane mlinzi wako anapanda kizimbani kwa mauaji. Nataka hii iwe imekamilika saa saba."

"Mkuu, sababu ya kuua hatuna."

"Tuna damu, tuna mtu mmoja, na tuna ushahidi wa kinywa chake mwenyewe. Wewe unataka nini tena, picha ya ukumbusho?"

Inspekta hakucheka. Miaka sita nyuma alimpeleka fundi viatu mmoja mahakamani kwa haraka kama hii. Fundi yule alikaa rumande miezi kumi na minne kabla mwizi halisi hajakamatwa na cherehani ya watu. Alipotoka, mkewe alishahama na watoto. Tangu siku ile, Inspekta alipoambiwa afanye haraka, alirudi kuuliza upya.

Kwenye benchi la mapokezi alimkuta mke wa mlinzi, mama wa makamo, amepakata mfuko wenye shati lililopigwa pasi.

"La mahakamani," mama yule akasema. "Asionekane mchafu mbele ya hakimu. Mwanangu, atarudi nyumbani leo?"

"Sijui, mama," akasema, na akaona aibu kwa jibu lile.

Akashuka mahabusu.

"Sasa mwenye kampuni hayupo," akamwambia mlinzi. "Niambie ukweli. Ulikuwa getini muda wote?"

Mlinzi akakuna shingo. "Tumbo, afande."

"Tumbo limefanyaje?"

"Lilikuwa linaniendesha. Tangu kabla ya saa nne mpaka karibu na saa tano nilikuwa chooni zaidi kuliko getini. Geti dogo nililirudishia tu. Naenda, narudi, nageuza tena. Akipita mtu, simwoni."

"Na kwa nini hukusema?"

"Mzee alishaniapia, akinikosa getini mara nyingine, kazi sina. Na wewe uliniuliza mbele yake."

"Kwa hiyo uko tayari kunyongwa ili usifukuzwe kazi?"

"Ukilisema hivyo, afande, linaonekana la kijinga."

Inspekta akatoka mbiombio. Njiani simu ikalia. Alikuwa daktari wa uchunguzi wa maiti. Marehemu alivunjika fuvu kwa nyuma. Alikuwa amevaa saa ya mkononi, ile aina inayohesabu mapigo ya moyo. Saa nne na dakika tano mapigo yaliruka ghafla. Pigo la mwisho liliandikwa saa nne na dakika ishirini na mbili.

"Maana yake hakufa papo hapo," Inspekta akasema.

"Dakika kumi na saba," daktari akajibu. "Angepata mtu wa kumkimbiza hospitali, huenda tungeongea mengine."

Ofisini kwa kampuni alimkuta mwenye kampuni anaigombeza kompyuta yake. Pembeni alisimama mkuu wa masoko, mtu nadhifu wa miaka arobaini, macho mekundu kwa kulia. Yeye ndiye aliyemleta marehemu kazini na kumfundisha kazi yote.

"Jana ulikuwa wapi, bwana?" Inspekta akamuuliza.

"Nyumbani. Shemeji yenu amesafiri na watoto. Nililala mpaka adhuhuri."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nilijua habari hizi mzee aliponipigia." Sauti ikamkatika, akatoka kwenda kunawa uso.

"Msiba juu ya msiba," mwenye kampuni akanung'unika. "Kila Jumatatu naangalia ripoti ya tovuti yetu, wateja wangapi wameomba kufungiwa pampu. Leo mwaka mzima ni sifuri. Hesabu inaanza jana. Mkuu wa masoko anasema mtambo umepata hitilafu."

Inspekta, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi. "Inaanza jana saa ngapi?"

Mzee hakujua. Inspekta akampigia Shangazi.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali wa polisi, mama mnene asiye na haraka na mtu. Alikaa kwenye meza ya marehemu, akavua viatu, akaanza kusoma. Inspekta alizunguka nyuma yake mpaka Shangazi akachoka kumsikia.

"Mwanangu, unanipepea. Simama."

"Ni saa tano na nusu, Shangazi."

"Nami nina macho. Sikiliza. Tovuti ina wageni wengi, wengine wanapita tu. Kwa hiyo unauambia mtambo: mgeni akifanya jambo fulani, mwekee alama. Jambo hilo ndilo wanaloliita lengo. Hapa lengo la haki ni mteja ajaze fomu, aitume, aone ukurasa wa kumwambia asante. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kwa mwaka mzima lengo lao halikuwa hilo. Liliwekwa hivi: mgeni akifungua tu ukurasa wa fomu, alama. Hata aliyebonyeza kwa bahati mbaya, alama."

"Kama duka linalomhesabu kila anayechungulia dirishani kuwa amenunua."

"Ndiyo. Ripoti zinasema maombi elfu nne kwa mwezi. Fomu zilizofika kweli hazifiki sabini." Shangazi akasogeza kioo. "Jana asubuhi saa nne kasoro dakika kumi, marehemu alilifuta lengo la uongo akaweka la kweli. Halafu lake nalo likafutwa, na la uongo likaundwa upya, jina lile lile. Ila lengo jipya halijui ya juzi. Linahesabu tangu lilipozaliwa. Ndiyo maana mzee anaona sifuri."

"Nani aliliunda?"

"Kumbukumbu inasema ni marehemu. Saa nne na dakika arobaini na saba."

Inspekta aliacha kuzunguka, pengine kwa mara ya kwanza wiki ile. "Marehemu alikata roho saa nne na dakika ishirini na mbili."

"Basi alifanya kazi kwa bidii sana," Shangazi akasema. "Mtu amekaa hapa nilipokaa, kompyuta iko wazi kwa jina la marehemu."

Mlinzi hakuwa mtu wa kuunda lengo. Hata simu yake alikuwa anawekewa salio na mkewe. Lakini wakili wa serikali angesema nini? Mwenye kampuni naye alikuwa na funguo za ofisi. Inspekta alianza tena kuzunguka, saa ya ukutani ikimcheka, na kila alipogeuka jicho lilikwama kwenye kikaratasi cha njano.

Jaribu kabla hujaondoka.

"Shangazi, hawa watu wakimaliza kuunda lengo, wanafanya nini?"

"Wanalijaribu. Unachukua simu yako, unafungua ukurasa kama mteja, unatazama kama mtambo umeweka alama. Asiyejaribu huyo si fundi." Kisha Shangazi akaigeukia tena kompyuta. Vidole vikakimbia. "Alama ya kwanza ya lengo jipya. Saa nne na dakika arobaini na tisa. Imetoka kwenye mtandao wa humu humu ofisini."

"Simu ya nani?"

"Jina haisemi. Inasema aina. Simu ya kukunja."

Inspekta alishuka ngazi mbili mbili. "Mzee, hapa ofisini nani ana simu ya kukunja?"

"Ni moja tu," mwenye kampuni akasema kwa fahari kidogo. "Niliinunua mimi. Zawadi ya mfanyakazi bora wa mwaka. Alileta maombi elfu nne kwa mwezi."

Mkuu wa masoko alikaa upande wa pili wa meza ya mahojiano. Simu yake iliwekwa katikati, ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Ulisema jana ulilala mpaka adhuhuri."

"Ndiyo."

"Simu hii nayo ililala?"

"Nilikuwa nayo kitandani."

"Uliiazima kwa mtu?"

"Hapana. Siiazimi kwa mtu."

"Saa nne na dakika arobaini na tisa ilikuwa ofisini kwenu, inafungua ukurasa wa fomu. Dakika mbili baada ya lengo kuundwa."

Mtu yule akatazama simu. Inspekta alikuwa amesimama, amekaa, amesimama tena. Sasa alivuta kiti akakaa kabisa.

"Marehemu alikupigia?"

"Alinipigia." Sauti ilikuwa ndogo. "Alisema, kaka, nimeona hesabu. Njoo turekebishe leo, wewe mwenyewe ukamwambie mzee kesho. Alitaka kunisitiri."

"Mwanzoni ulikosea au ulikusudia?"

"Nilikosea. Wallahi nilikosea. Niliweka ukurasa usio wenyewe. Mzee akaona namba, akafurahi, akanipandisha cheo, akaniita mbele ya watu. Ningesemaje? Kila mwezi nikasema mwezi ujao."

"Jana."

"Nilikuta geti halina mtu. Nilimwomba asubiri kidogo. Akasema hapana, ameshalibadilisha. Akainuka aondoke, nikamshika mkono juu ya ngazi. Akajivuta. Nikamsukuma. Sijui nilimsukuma kwa nguvu kiasi gani."

"Kisha?"

"Nikakaa pale juu."

"Alikuwa anapumua."

Mkuu wa masoko akainamia meza.

"Alikuwa hai dakika kumi na saba," Inspekta akasema. "Ulikuwa na simu."

"Nilikuwa nayo mkononi," akasema, na hapo akaanza kulia kweli. "Nilikuwa nawaza nitasema nini. Alipotulia nikaenda kulirudisha lengo."

"Na ukalijaribu."

"Nisingeweza kuondoka bila kujua linahesabu. Ndilo la kwanza nililomfundisha. Aliliandika siku ile ile, akalibandika kwenye kioo."

Inspekta alimsogezea karatasi ya maelezo ili atie sahihi.

Saa saba na dakika arobaini mlinzi alifunguliwa pingu. Mkewe alimkabidhi mfuko, naye akabadilisha shati pale pale mapokezi, akafunga vifungo mpaka cha shingoni.

"Hakimu hatakuona tena," Inspekta akamwambia. "La nini sasa?"

"Naenda kazini, afande. Geti liko peke yake tangu jana."

"Nenda nyumbani na mama. Kwa mzee nitapita mwenyewe."

Akawasindikiza mpaka barabarani, akasimama kuwatazama mpaka walipokata kona. Halafu akatoa simu. Dada wa marehemu alikuwa bado hajaambiwa kwamba ndugu yake aliishi dakika kumi na saba baada ya kuanguka, na Inspekta alitaka aambiwe na mtu, si na gazeti. Alianza kutembea kabla simu haijapokelewa.