Mkwe Wangu Akiitwa, Nilinyamaza

Nina miaka sitini na tisa. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika mnivumilie. Mimi ni mjane, mkulima wa majani chai huku Mogogosiek, na kwa muda mrefu nilijiona mtu wa maana.

Kwa bonasi ya chai ya miaka mingi, mimi na marehemu mzee wangu tulijenga ploti ya gorofa sita Kericho mjini. Alipofariki nikabaki nikiisimamia peke yangu. Sikuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, na sikuwa mtu wa kuambiwa na watoto.

Kabla wapangaji waingie, wakaguzi walinilazimisha kuweka sanduku jekundu chini ya ngazi, na waya wa kupanda mpaka kwa paa. Niliuliza ni la nini. Wakanieleza kwamba simu za upepo ambazo wazima moto wanabeba hazisikiki vizuri ndani ya zege nene. Hilo sanduku linashika sauti kutoka nje na kuipeleka gorofa zote. Tena lina betri yake kubwa, maana nyumba ikishika moto stima inakatwa kwanza.

Niliona ni upuzi. Betri nzuri hivyo ikae tu ukutani ikingoja moto? Na mimi nakama ng'ombe alfajiri gizani, stima ya kijijini ikipotea kila mvua ikinyesha... Nikamwambia Karanja, mlinzi wa ploti, aitoe. Alisita. Akasema, mama, hii ni ya zimamoto. Nikamwuliza anayemlipa ni nani, mimi ama zimamoto. Akaitoa.

Betri ikaenda kuwasha taa zizini. Siku ya ukaguzi nilikuwa nairudisha mjini kwa pikapu ya maziwa. Wakaguzi wakishaenda, nayo inapanda pikapu kurudi nyumbani. Nilijiona mjanja!

Sasa, binti yangu Chelangat alikuwa ameolewa na Kiprono, mzima moto wa mjini. Kwetu mkwe hasemezani ovyo na mama mkwe, hata kuketi karibu naye ni aibu. Akiwa na neno analipitisha kwa mke wake. Mara mbili Chelangat aliniletea ujumbe kwamba Kiprono ameona taa ya sanduku imezimika. Mara mbili nilimwambia ashughulike na nyumba yake.

Jumatano moja Kiprono akaja mwenyewe. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, macho chini.

"Mama, unisamehe nikisema na mdomo wangu. Kwa moshi hatuoni hata mkono. Tunategemea kuambiwa."

Nilimjibu kwamba betri itarudi ng'ombe wangu akishazaa. Nikamwongezea, "Wewe zima moto. Ploti uniachie mimi."

Akasema asante mama, akaenda, na kwa heshima ya mama mkwe hakumwambia mtu, si mkubwa wake kazini wala mke wake. Hata kikombe cha chai sikumpa... mimi, na majani yote haya!

Jumapili ya wiki hiyo hiyo mtungi wa gesi ulilipuka gorofa ya tatu. Nilikuwa Kericho kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, tuliposikia tukafika hapo kwa miguu, kundi zima. Wazima moto walikuwa wamekata stima. Wapangaji wote walikuwa wametoka, isipokuwa mwalimu mmoja mstaafu wa gorofa ya sita. Kiprono na mwenzake walikuwa wameingia kumtafuta.

Kabla hatujakaa sana, mwalimu huyo akatokea barabarani, Biblia kwapani. Muda huo wote alikuwa kanisani!

Mkubwa wao akashika simu ya upepo. "Kiprono, mwalimu amepatikana. Tokeni." Ikajibu mvumo tu, shhh... Akarudia. Akamgeukia Karanja akamwuliza kama lile sanduku la chini ya ngazi linafanya kazi.

Karanja aligeuka. Aliniangalia mimi.

Ndugu zangu, ningesema maneno mawili tu: halina betri. Lakini akina mama wa kanisa walikuwa nyuma yangu, wote wananitazama...

Nikasema, "Linafanya. Lilikaguliwa juzi tu."

Mkubwa akaniamini. Kwa nini asiniamini, mwanamke wa umri wangu? Akaendelea kuita, akidhani wanamsikia ila hawana nafasi ya kujibu, na wako njiani kushuka. Ni baadaye ndipo alishtuka, akapiga ile honi ndefu ya lori ya kuwaambia watoke. Mwenzake alitoka akitambaa, akifuata mpira wa maji. Alisema hawakuwa wamesikia neno hata moja, na kwamba Kiprono alikuwa ametangulia juu kugonga milango. Honi ilipolia, dari ya ngazi ilikuwa imeshaanguka.

Kiprono alikufa akimtafuta mtu ambaye alikuwa amesimama kando yangu.

Kwa mazishi nilichinja fahali. Nililia kuliko watu wote, wakanisifu kwamba nilimpenda mkwe wangu. Baadaye sanduku likapatikana tupu, Karanja akashikwa, eti aliuza betri. Hakunitaja. Siku kumi na moja alilala seli na mimi nikilala kitandani kwangu. Nilipomwuliza baadaye kwa nini alinyamaza, aliniambia, "Mama, ni nani angeniamini?"

Siku ya kumi na mbili Chelangat alikuja tuombe pamoja. Akaanza kumlaani Karanja katika maombi... Sikuweza kusema amina. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulimsikia akiitwa?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulijua hasikii?"

Nikasema ndiyo. Akamfunga mgongoni mtoto aliyeachiwa na Kiprono, akatoka. Mpaka leo hajarudi, wala simlaumu.

Nilienda polisi mwenyewe, Karanja akaachiliwa. Kesi yangu inaendelea, na sijaweka wakili wa kunitetea. Anitetee na neno gani?

Nyinyi wenye ploti, msiguse vitu vya wazima moto hata kama mnaona vimekaa bure. Lakini si hilo tu ninaomba. Kuchukua betri kulikuwa ujinga wangu, na ujinga ungerekebishwa hapo hapo kwa maneno mawili. Aibu ndiyo ilimuua Kiprono. Nilichagua macho ya akina mama kuliko uhai wake.

Kwa hivyo ukiwa umekosa, na mtu akuulize mbele ya watu, usitafute jibu la kukusitiri. Sema ukweli, wakati aliye ndani bado anaweza kutoka.