Dakika Kumi kwa Mbunge

Siku ile mjinga alikuwa Kizito. Mwenyewe hakatai. Ukimkuta alfajiri kwenye treni ya Abbey Wood, akienda kupakia mizigo ghalani kule Hayes, atakusimulia bila kuulizwa. Tena atacheka kabla yako, ili usipate nafasi ya kumcheka vizuri.

Lakini siku yenyewe yeye hakucheka. Mkewe alikuwa na hasira ya kuchemsha maji bila moto, na hasira hiyo ilianzia kazini kwake.

Mkewe, Célestine, anafanya kazi ya kea. Kila asubuhi anazunguka Thamesmead, nyumba hadi nyumba. Bibi huyu anamwosha, babu yule anampa dawa, mwingine anampikia uji. Alianza kazi hiyo binti yao Raïssa akiwa chekechea. Sasa Raïssa ni msichana mkubwa, anajifungia chumbani na simu yake, na ukimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza. Miaka yote hiyo hakuna mzee aliyemlalamikia Célestine, isipokuwa Mzee Alfred. Huyo hulalamika akiletewa mtu mwingine, kwa sababu chai ya mtu mwingine hainywi.

Jumatatu moja msimamizi aliwaita wahudumu wote ofisini.

"Kuna sheria mpya," alisema. "Kila mhudumu ataandikishwa kwenye daftari la taifa. Ili uandikishwe, ulete cheti chako cha shule. Cheti halisi, si nakala. Asiye nacho hatafanya tena kazi hii."

Célestine alinyoosha mkono. "Mimi nilisoma Masisi, Kongo. Shule yetu ilichomwa wakati wa vita. Zilibaki ngazi za mlangoni tu. Cheti nitakitoa wapi?"

"Pole sana," msimamizi akasema. "Lakini sheria ni sheria."

Célestine alifika nyumbani, akautupa mkoba juu ya meza.

"Ngazi, Papa Raïssa," alimwambia mumewe. "Shule yangu imebaki ngazi. Nizifuate Masisi? Nizibebe kichwani nipite nazo Heathrow, niwaambie cheti changu hiki hapa?"

"Tulia, Mama Raïssa," Kizito akasema. "Umeolewa na nani? Mimi ni Président. Nitaongea na mbunge."

Ni kweli alikuwa Président. Watu wa Kivu wanaokaa upande ule wana umoja wao. Wanazikana, wanaozana, wanagombana, na Kizito ndiye mwenyekiti. Alipiga simu ofisi ya mbunge wa eneo lao. Akapokea msaidizi wa mbunge, bwana mmoja aitwaye Balbir. Balbir alimwuliza anwani yake na postikodi, ahakikishe kwamba anaishi katika jimbo hilo. Akampa miadi ya Ijumaa, kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba.

"Kila mtu anapata dakika kumi," Balbir alisema. "Jambo lenu linahusu nini?"

"Ni jambo zito," Kizito akajibu. "Nitalisema mbele ya mheshimiwa mwenyewe."

Hapo ndipo ujinga ulipoanza kuvaa viatu.

Ijumaa Kizito alivaa koti lake la buluu lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, lile la harusi na misiba ya watu wakubwa. Kwao, mkienda kwa kiongozi, anaongea mmoja. Wengine wanakaa na kutikisa kichwa. Kwa hiyo Célestine alikaa, mkoba mapajani.

Mbunge alikuwa mama mwenye nywele fupi na kalamu mkononi. "Karibuni," alisema. "Niwasaidie nini?"

Kizito alisimama. Hakuna mwingine aliyesimama ukumbini.

"Mheshimiwa," alianza, kwa Kiingereza chake cha siku kuu, "kwa niaba ya umoja wetu tunamshukuru Mungu aliyekuamsha salama. Tunakushukuru wewe. Tunawashukuru wazazi waliokuzaa."

Akamshukuru mfalme. Akalishukuru Bunge. Akashukuru hata mvua. Kisha akaeleza umoja ulivyoanzishwa, mwenyekiti wa kwanza alikuwa nani, na jinsi mwenyekiti wa pili alivyohamia Birmingham na ngoma zote za umoja. Mbunge alikuwa akitabasamu. Taratibu akaiweka kalamu mezani.

Célestine alimpiga mumewe teke chini ya meza. Kizito alidhani anampa moyo.

"Na sasa, mheshimiwa, baada ya kusema hayo machache, ningependa kuingia katika jambo lenyewe."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Balbir. "Samahani, muda umekwisha. Kuna wengine wanasubiri."

Mbunge alimpa Kizito mkono. "Nimefurahi sana kuujua umoja wenu," alisema.

Punde wakajikuta nje, kando ya mapipa ya taka, katika manyunyu.

"Papa Raïssa," Célestine alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Sasa mbunge anamjua mtu aliyekimbia na ngoma. Mimi na cheti changu anatujua?"

"Nilikuwa natengeneza njia. Mtu mkubwa humwendei kama unanunua nyanya."

"Njia ya kwenda wapi? Umeongea mpaka kwa mfalme. Ulibakiza kumsalimia mbwa wake. Na mimi nimekaa pale kama mkoba."

Ugomvi ulipanda nao basi. Ulishuka nao. Ulipanda nao ngazi hadi jikoni, na humo Célestine aliteleka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, kwa kishindo. Ukuta wa pili anaishi Tatiana, Mkenya, muuguzi hospitalini na mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi. Alibisha hodi, kijiko bado mkononi.

"Sasa nyinyi," alisema, "mimi nimetoka zamu, nataka kulala. Mnipe habari yote ama mnyamaze. Nusu nusu hivi siwezi."

Wakampa yote, wote wawili kwa pamoja. Walipofika penye ngoma za Birmingham, Tatiana alilazimika kukaa.

"Pole, Mama Raïssa," alisema baada ya kufuta macho. "Lakini hebu niambie, nani amewaambia hiyo ni sheria?"

"Msimamizi."

"Basi msimamizi amekosea. Huo ni muswada. Tumeuzungumzia kwenye chama wiki jana. Muswada ni sheria ambayo bado inapikwa." Akaelekeza kijiko kwenye sufuria. "Hiyo sombe imeiva?"

"Bado."

"Ukitaka kuongeza chumvi, utaongeza saa ngapi? Sasa, ama ikishafika kwenye sahani?"

"Sasa."

"Ndiyo hivyo. Muswada unasomwa bungeni, wabunge wanaujadili na kuupigia kura. Kisha unaenda kwa kamati. Kamati inakaa nao kipengele kwa kipengele, na hapo maneno yanaweza kubadilishwa. Unarudi kwa wabunge wote. Ukipita, unaenda Baraza la Malodi, lile baraza la juu la Bunge, nao wanaupekua. Mwisho mfalme anaridhia. Hapo ndipo unakuwa sheria. Huu wenu sasa uko kwa kamati."

Célestine aliacha kukoroga. "Yaani wameniambia nimefukuzwa na kitu ambacho hakijazaliwa?"

"Ndiyo."

"Nimelia kwenye basi mbele za watu kwa kitu ambacho hakijazaliwa?"

"Usilie tena. Kasirika. Ila hasira yako uipeleke mahali inapofanya kazi."

"Lakini sisi si raia," Kizito akasema. "Kura hatupigi. Atatusikiliza kwa nini?"

"Kwa sababu mnaishi katika jimbo lake. Hiyo inatosha. Awe ni wa chama unachokipenda au usichokipenda, yeye ndiye mbunge wako."

"Na makaratasi yetu?" Célestine aliuliza polepole. "Hawataandika mahali kwamba mimi ni mtu wa fujo?"

"Kumwambia mbunge shida yako si kosa. Ni kazi yake kukusikiliza, na ni bure. Mtu akikudai hata senti ili akupeleke kwa mbunge, huyo ni mwizi."

Kizito alikuna kichwa. "Sasa niingie tu, niseme shida? Bila salamu?"

"Salamu moja, Papa Raïssa. Moja. Kisha unasema wewe ni nani na unaishi wapi. Unasema kipengele gani kinakuumiza na kinakuumiza vipi. Unasema unataka afanye nini. Halafu unanyamaza. Na tena," akageuka, "wewe huna shida hiyo. Mwenye shida ni huyu. Aongee yeye."

Jioni ile ile waliandika barua pepe. Célestine alisema, Tatiana aliandika.

"Andika: nyinyi washenzi mnaokaa kwenye viti vya ngozi..."

"Washenzi hapana."

"Kwa nini? Si unasema nikasirike?"

"Kasirika. Matusi ndiyo utoe. Ukimtukana atasoma tusi tu, shida yako ataiacha. Mwambie habari ya ngazi."

Célestine akafikiri. Kisha akasema, na Tatiana akaandika hivi:

"Mimi ni Célestine, ninaishi katika jimbo lako, anwani na postikodi yangu ni hizi hapa. Ninahudumia wazee wa Thamesmead. Muswada wa daftari la wahudumu unadai cheti halisi cha shule. Shule yangu ilichomwa vitani, zimebaki ngazi. Muswada ukipita hivi, nitafukuzwa kazi niliyoifanya vizuri kwa miaka mingi. Ninaomba umwandikie waziri na uombe kipengele hicho kibadilishwe kabla kamati haijamaliza. Ninaomba pia kukuona."

"Ni fupi," Kizito alisema kwa huzuni. Alikuwa anaiona kama mtu aliyetoka nyumbani uchi.

Kesho yake Célestine aliwaambia wenzake kazini. Wengine walikuwa wametoka Eritrea, wengine Afghanistan, na vyeti vyao vilibaki kwenye moto au kwenye maji. Mmoja akasema, "Nitumie barua yako, niweke jina langu."

"Hapana," Célestine akajibu, kama alivyofundishwa na Tatiana. "Barua mia zinazofanana wanazisoma kama barua moja. Sema la kwako, kwa maneno yako. Tena umwandikie mbunge wa unapoishi wewe. Wangu mimi atakurudisha kwa wako."

Wengi waliandika. Baadhi waliandikia hata kamati yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imetangaza kwamba inapokea maelezo ya wananchi.

Miadi ya pili ilipofika, Kizito alivaa tena koti la vifungo. Célestine alikuwa na sare ya kazi, ametoka moja kwa moja kwa Mzee Alfred.

"Ah," mbunge alimwambia Kizito, "wewe nakukumbuka."

Kizito akavuta pumzi. Célestine akamkanyaga mguu. Safari hii alielewa, akaketi.

"Habari za mchana," Célestine alisema. "Nimekuja kwa sababu ya cheti." Akaeleza. Hakupaza sauti, lakini mkono wake ulikuwa umekunja ngumi juu ya meza.

Mbunge alisikiliza na kuandika. "Serikali inasema kipengele hiki ni cha usalama wa wazee," alisema.

"Usalama?" Célestine akamtazama. "Leo asubuhi Mzee Alfred aliteleza bafuni. Nimemwinua kwa mikono hii. Cheti kingemshika wapi?"

Kwa neno hilo mbunge aliinamia tena karatasi yake. Aliliandika.

"Siwezi kukuahidi kwamba kitabadilika," alisema mwishowe. "Ninachoweza ni kumwandikia waziri, na kuzungumza na mwenzangu aliye kwenye kamati alete pendekezo la mabadiliko. Nitakujibu kwa maandishi."

Dakika zilikuwa bado zimebaki. Célestine akasema asante, akaondoka.

Kikapita kimya kirefu, na Célestine akakikasirikia kimya. Akaandika kuuliza jambo lake limefika wapi. Hatimaye jibu lilikuja. Kamati ilikuwa imepokea malalamiko kutoka majimbo mengi, na kipengele kilibadilishwa. Mtu ambaye cheti chake kiliharibiwa na vita au maafa ataruhusiwa kuleta kiapo na ushahidi wa mwajiri wake. Baadaye Malodi wakaupitisha muswada, mfalme akaridhia, ndipo ukawa sheria. Célestine akaandikishwa kwenye daftari. Mzee Alfred anakunywa chai yake.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kipengele kingine, kinachotaka kila mhudumu afanye mtihani kwenye kompyuta, kilibaki kama kilivyokuwa, na Célestine anapouguza kidole kwa kubofya bofya kibodi ya Raïssa, ndipo utakapoyasikia yale maneno ambayo Tatiana aliyakataa. Ameshamwandikia mbunge tena.

Msimamizi naye aliwaita. "Nawapa habari njema," alisema. "Sheria imebadilika."

"Haikubadilika," Célestine akamjibu. "Ulitutisha nayo ikiwa haijawa sheria. Siku nyingine uliza kabla ya kutufukuza."

Jumapili iliyofuata umoja ulikutana nyumbani kwa Kizito. Watu walikula, wakampongeza Célestine. Kizito alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akasimama, kijiko mkononi kama kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tusisahau nani alifungua mlango. Bila hotuba yangu ya kwanza tungekuwa wageni pale."

"Papa Raïssa, keti," Célestine alisema. "Hotuba yako karibu inifukuzishe kazi."

"Weye ulikuwepo. Mbunge alipotuona mara ya pili alisema nini? Alisema ananikumbuka. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Mnasikia? Mimi, kwa jina langu, alinikumbuka."

Célestine alikuwa anapakua sombe. Hakugeuka.

"Wewe alikumbuka koti, Papa Raïssa. Mimi alikumbuka nilichosema."