Mwisho Ambao Chiriku Hakuuona

Kila siku saa kumi jioni, Chiriku alikuwa akitundika mkoba wake wa shule nyuma ya mlango, ananawa uso, kisha anamwendea baba yake, ambaye humkuta kitini amekwisha kuvaa viatu. Baba humwekea mkono begani, wakatoka. Kutoka kwao mpaka kibanda cha Kinyozi zilikuwa hatua mia mbili na kumi na nne. Baba alikuwa amezihesabu, na Chiriku alijua mahali pa kusema "mfereji," mahali pa kusema "kona," na mahali pa kusema "mbwa, lakini amelala."

Jina hilo la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo mdomo wake haukupata likizo.

Baba alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata baada ya yeye kuacha ufundi, au tuseme ukweli, baada ya ufundi kumwacha yeye. Miaka miwili nyuma alianza kulalamika kwamba taa ya mezani kwake haitoshi. Akabadilisha balbu. Akabadilisha tena. Mama, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, alimsihi akapimwe macho, naye akajibu kwamba tatizo ni balbu za siku hizi. Alipofika kwa daktari, maji yalikuwa yamezidi unga. Aliambiwa ni ugonjwa wa shinikizo la macho, na kwamba angewahi, dawa zingeokoa kiasi. Sasa bisibisi zake ndogo na kioo chake cha kukuzia vilikuwa sandukuni, vimefungwa kwenye kitambaa, na hakuna aliyevigusa.

Kitu kimoja tu hakikumwacha, nacho ni filamu za kijasusi. Yeye, Kinyozi, fundi baiskeli waliyemwita Pancha, na mshonaji wa kibanda cha pili, Mama Vifungo, walikuwa wapenzi wa jasusi mmoja waliyempachika jina la Koti, kwa kuwa jua liwake, mvua inyeshe, hakuvua koti lake la kijivu. Filamu zake tatu zilikuwa zimetoka, na watu hawa wanne walibishana juu ya kila moja kana kwamba Koti ni shemeji yao. Fundi na Kinyozi ndio waliozidi. Huyu akisema nyeupe, yule husema nyeusi, na mteja mwenye haraka alijua asiende kunyolewa jioni.

Filamu ya nne ilipofika kwenye ukumbi wa mtaa, watu waligawanyika. Wengine walisema haijapata kutokea filamu kama ile. Wengine walisema ni upuuzi mtupu na aliyeitunga arudishwe shule. Ugomvi wote ulikuwa juu ya mwisho wake.

"Mtu asinimwagie mwisho wake," baba aliwaonya wenzake. "Jumamosi namtuma Chiriku akanitazamie. Nikishajua, ndipo niingie uwanjani."

Mwenyewe alikwisha kuacha kwenda ukumbini. Chiriku akimnong'oneza kinachoendelea, watu wa viti vya nyuma huguna, naye aliona haya. Kwa hiyo binti alikwenda peke yake, akarudi na kusimulia. Alifundishwa namna. "Niambie mikono," baba alikuwa akisema. "Uso wa mtu hudanganya, mama. Mikono ndiyo inayosema kweli. Nani ameingia, amesimama wapi, ameshika nini."

Jumamosi hiyo Chiriku aliketi kiti cha tatu kutoka mbele. Basi ikawa filamu ya maneno matupu. Watu wameketi vyumbani, wanazungumza, wanatazamana. Hakuna gari linalokimbizwa, hakuna mlango unaovunjwa. Koti mwenyewe alikuwa amezeeka na anakohoa. Saa ya kwanza ilipita, na ya pili ikaanza. Kutoka nje Chiriku alisikia wenzake wa shule wakicheza netiboli kwenye kiwanja cha pembeni, wakimwita mfungaji wao, ambaye ni yeye.

"Filamu za Koti zote huisha vilevile," alijiambia. "Atatoroka, atapewa nishani." Akainuka taratibu, akatoka.

Alifunga mabao saba. Alipokuwa akifunga la saba, watu walitoka ukumbini wakibishana kwa sauti, mmoja akisema ameaibishwa, mwingine akifuta macho. Chiriku aliwaona. Hakumwuliza mtu.

Nyumbani baba alikuwa amekaa mkao wa kusikiliza, mikono magotini. Chiriku alimsimulia yote aliyoyaona, mkono kwa mkono. Kisha akafika ukingoni mwa aliyoyaona, akaruka.

"Basi Koti akakimbilia darajani, baba. Maadui huku na huku. Akajirusha mtoni, akaogelea na zile karatasi za siri mpaka ng'ambo. Halafu wakampa nishani."

Baba akauliza, "Karatasi alizishika kwa mkono gani?"

"Wa... wa kulia."

"Akaogelea kwa mkono mmoja?"

"Ndiyo, baba. Ana nguvu sana."

"Na kukohoa kule?"

"Kulikuwa kumepoa."

Baba alitikisa kichwa polepole. "Haya, ahsante, macho yangu," akasema. Lile jina la macho lilimchoma Chiriku, lakini akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu walizitembea zile hatua mia mbili na kumi na nne. Baba alikuwa na furaha ambayo Chiriku hakuwa ameiona kwa miezi. Njia nzima alikuwa akipanga hoja zake.

"Shikamooni," Chiriku aliwaamkia wakubwa.

"Marahaba," waliitikia. Pancha alimsogezea Fundi kiti. Kinyozi alikuwa akimnyoa mtu.

"Haya, nimekuja," baba alisema kabla hata hajakaa sawasawa. "Nasikia kuna watu wanalalamika. Wanalalamika nini? Mtu mzee, mgonjwa, anajirusha kutoka darajani, anaogelea kwa mkono mmoja na siri za nchi yake, anapewa nishani, na bado hamtosheki? Kinyozi, leo ndiyo leo. Nijibu."

Mashine ya kunyolea ilizimwa. Pancha alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alimtazama Chiriku, mara moja tu, na Chiriku akatamani ardhi ipasuke.

Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema kwa sauti laini, sauti ambayo watu huitumia wodini, "Ni kweli, Fundi. Umesema kweli. Tulikosea sisi."

"Kweli kabisa," Pancha aliongeza haraka. "Umetushinda."

Baba alikuwa ameinua mkono kwa ajili ya hoja ya pili. Ukabaki hewani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha pale kibandani kilimpiga mtu mmoja tu. Aliushusha mkono taratibu, akauliza jambo jingine, bei ya sabuni sijui, kisha akasema, "Chiriku, turudi. Nimechoka."

Njiani hakuhesabu hatua. Alijikwaa penye mfereji kwa sababu Chiriku alisahau kusema.

Walipofika, aliketi kitini bila kuvua viatu. Mama alikuwa hajarudi kutoka kazini. Chiriku alisimama mlangoni.

"Miaka kumi na mitano," baba alisema, "Kinyozi hajapata kunikubalia jambo. Hata siku ya msiba wa mama yangu alinibishia juu ya njia ya kwenda makaburini. Leo kanikubalia. Kwa nini, Chiriku?"

Chiriku aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vya baba.

"Nitakuambia kwa nini. Kwa sababu nilikuwa nasema upuuzi, na mbele yao amekaa kipofu. Wakanihurumia. Walinipa ushindi kama mtoto anavyopewa peremende anyamaze." Sauti yake ilikatika. "Kuacha saa zangu niliweza, mwanangu. Lakini pale kibandani nilikuwa bado mtu kama wao."

Chiriku alilia. Alilia mpaka kwikwi zikamzuia kusema, kisha akasema yote, netiboli, mabao saba, na watu waliotoka wakibishana. "Nilidhani itaisha kama zile nyingine, baba. Nisamehe."

"Hadithi yako ilikuwa inachechemea," baba alijibu. "Nilisikia penye ule mkono mmoja. Nikajiambia, mimi ni nani hata nisiyaamini macho yangu?" Hakumkemea. Afadhali angemkemea. Aliinama, akavua viatu vyake mwenyewe, akavisukuma chini ya kiti.

Siku nne zilizofuata Chiriku alitundika mkoba, akanawa uso, akasema, "Twende, baba?" Kila siku baba alijibu, "Leo sijisikii." Viatu vilibaki chini ya kiti. Mama alijaribu kumsemesha, akashindwa. Nyumba ilipooza.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya filamu ile. Wenzake wa netiboli walimwita, naye akawapungia mkono, akaingia ukumbini. Alikaa kiti kilekile. Hakupepesa jicho mpaka taa zikawashwa, na hata baada ya hapo hakuinuka mara moja.

Aliporudi alipiga magoti mbele ya kiti cha baba.

"Baba, hujaniomba, lakini nimeuona mwisho. Nisimulie?"

Baba aliketi wima. Kisha akaweka mikono magotini.

"Koti yuko upande mmoja wa daraja. Upande wa pili wanamshikilia yule msichana, mwanafunzi wake wa ujasusi. Wanamtaka Koti aje na zile karatasi, ndipo wamwachie."

"Mikono."

"Wa kushoto una karatasi. Wa kulia unafungua vifungo vya koti. Analivua, baba. Analikunja vizuri, anaukunja mkono mmoja wa koti ndani, na wa pili, kisha analiweka juu ya ukingo wa daraja. Ana shati jembamba. Anatetemeka. Anaanza kutembea. Msichana naye anatoka kule. Wanapishana katikati, hawatazamani. Anawapa zile karatasi na wanamfunga pingu. Filamu inaisha kwa lile koti, liko pale pale, hakuna aliyelichukua."

"Karatasi zilikuwa za kweli au za bandia?"

Hapa Chiriku wa wiki iliyopita angejibu upesi. "Hawakuonyesha, baba. Sijui."

Baba alirudia kwa sauti ya chini, "Alilivua." Kisha akanyoosha mguu kutafuta viatu.

Kibandani Pancha alimsogezea Fundi kiti. Fundi alisimama, hakutaka kiti.

"Jumatatu mlinidanganya," alisema. "Binti yangu alinidanganya kwanza, na hilo tumelimaliza nyumbani. Lakini yeye ni mtoto. Ninyi ni watu wazima. Mtu akikosea, mwambie amekosea. Ukimkubalia kwa sababu haoni, umempofusha mara ya pili."

Kinyozi alitazama chini. "Tuliona tutakuumiza, Fundi. Tusamehe."

"Nimesamehe. Sasa tuanze. Mimi nasema Koti hakusaliti mtu. Yeye anajua kazi yake imekwisha. Mwili umemkatalia. Kilichobaki ni koti tu, na watu wamezoea kumjua kwa hilo koti. Akalivua mbele ya wote, akatembea bila hilo. Nitajieni ushujaa unaozidi huo."

Mama Vifungo aliacha kushona. Pancha alifuta pua kwa mkono wenye grisi. Wote walijua Fundi hasemi juu ya filamu tu, na Kinyozi aliipangusa mashine yake mara mbili kabla ya kusema. Lakini alisema.

"Fundi, umepotea. Tena umepotea kabisa. Siri za nchi nzima kwa ajili ya msichana mmoja? Huyo ni msaliti, na aliyetunga filamu ni msaliti mwenzake."

"Una binti wewe?"

"Usinihamishie mada."

Wakashikana maneno mpaka jua likashuka nyuma ya mapaa. Hakuna aliyeshinda.

Wakati wa kurudi, mkono wa baba ulikuwa begani kwa Chiriku. "Kinyozi alipokuwa akinibishia, mikono yake ilikuwa wapi?"

"Mmoja kiunoni, mwingine umeshika mashine. Mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa, ameshika shavu."

Baba alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Walipofika kwenye mfereji akauliza tena, sasa polepole. "Na Pancha? Alikuwa bado ananihurumia?"

Chiriku alitamani sana kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Alilirudisha.

"Ndiyo, baba. Kidogo. Macho yake yalikuwa na machozi."

Baba alisimama. Machozi yalimshuka na yeye, na hakuyafuta. Kisha akaukaza mkono wake begani kwa binti yake.

"Ahsante, mwanangu. Hilo limeniuma, lakini ni kweli, na kweli ninaweza kuikanyaga nikaenda nayo. Uongo, hata uwe mtamu, ni shimo njiani. Anayekutegemea hawezi kuliona. Kumbuka hivyo kwa kila mtu, mwenye macho na asiye nayo."

"Nitakumbuka, baba. Mfereji."

Baba akainua mguu, akavuka.