Plasta Isiyoshika

Stratis, rafiki yangu wa Athene, humimina nakala za plasta za mawe ya makaburi ya kale yenye michongo ya watu katika karakana ya makumbusho. Haya yalimkuta siku ya arobaini ya mkewe, Evanthia, aliyekata roho hospitalini Stratis akiwa kazini, mikono imejaa plasta.

Alitoka kanisani na bakuli la ngano ya kuchemsha, ambayo huko hugawiwa arobaini ya marehemu, akapita kazini kuwagawia wenzake.

“Si uende nyumbani, kaka,” akasema Mirsini, mkuu wa karakana.

“Nyumbani kuna nani?”

Mirsini akatafuna ngano. “Basi nenda ghala la chini, uniangalizie ile nakala ya mke na mume wanaoagana. Ile iliyomiminwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.”

Alipoifikia tu, umeme ukakatika. Giza totoro. Akasikia tone likidondoka, kisha jingine, na ghala lile halina bomba. Akapapasa: goti la mke aliyeketi, ambaye katika mchongo ule ndiye marehemu, kisha mkono anaompa mumewe. Akaufunika kwa kiganja, kama wamiminaji wanavyopima kazi yao, maana plasta mbichi hupata joto inaposhika, yaani inapoganda, kisha hupoa na haipati joto tena.

Mkono ulikuwa na joto.

“Bado haijashika,” akanong'ona, kwa mazoea tu.

Umeme uliporudi, mkono ule ulikuwa mkavu, umefunikwa na vumbi la miaka themanini. Kiganja cha Stratis kilikuwa cheupe, na plasta mbichi ilipita juu ya pete yake ya ndoa, ikidondoka sakafuni tone moja moja.