Pesa Zilizochunwa Ngozi

Ti. Kimya kidogo. Ti. Jogoo walikuwa bado hawajawika, na ndani ya giza la nyumba ndogo ya mtaa wa Kabondo shaba ilikuwa inagusa bati. Simone aligeuka kitandani, akavuta shuka juu ya mabega ya binti yake Berthe, akatabasamu. Alijua ni mume wake, Timothée, ameketi upande wa pili wa pazia, anatoa pesa zake za zamani katika kopo na kuzilaza katika bakuli la bati. Hakuwasha taa. Alizijua kwa vidole, kama mama anavyojua vichwa vya watoto wake. Wanaume wengine wa mtaa waliamka na kichwa cha pombe. Huyu aliamka na pesa ambazo haziwezi tena kununua hata chumvi. Simone alimshukuru Mungu, akalala tena.

Ndugu zangu wa Kisangani, na hasa ninyi akina mama wenzangu, nisikilizeni. Nyumba hii haikuvunjwa na pombe, haikuvunjwa na wanawake wa nje. Ilivunjwa na tamaa ya kung'arisha.

Timothée alitunza depo, yaani ghala, ya gereji moja ya mjini. Alipenda pesa za kale: makuta, yaani senti zenye tundu za wakati wa Bula Matari, serikali ya kwanza ya Wazungu, na pesa za shaba za Unguja zilizofika na Waungwana, wafanyabiashara wa pwani, enzi za mababu. Aliziomba kwa wenyewe kwa adabu, na aliyekataa hakusumbuliwa. Basi, mwaka wa hamsini na sita, chama cha makarani kikatangaza maonyesho ya vitu vya wazee. Ilisemekana Mzungu mmoja anayejua sana pesa za kale atatoka Léopoldville kuja kuzitazama. Timothée akapewa meza yake mwenyewe. Usingizi ukamhama.

Pesa zake hazikumtosha. Akapita kwa majirani kuazima zile ambazo watu hawakuwahi kukubali kumpa. Mama Fatouma, aliyeuza mandazi pembeni mwa barabara, alimpa pesa ya Unguja ya marehemu baba yake. Ilikuwa nyeusi tititi, na juu ya picha ya mizani palikuwa na doa la kijani, umbo lake kama jani la lengalenga. Papa Anselme, mvuvi Mgenya wa kwenye maporomoko, alimpa likuta moja la mama yake. Tundu lake lilikuwa limeziba kwa ngola, unga mwekundu wa mti aliopakwa mama huyo siku ya harusi.

"Iko na jasho ya mama yangu," Papa Anselme alisema. "Usipoteze, mwana."

"Nitaichunga kama jicho yangu, Papa."

Na kweli hakuipoteza. Angeipoteza, labda angesamehewa.

Asubuhi moja Simone hakusikia ile sauti ya kila siku. Alisikia fsss, kama mafuta ya mawese yakitiwa maji, na harufu kali ikamkamata koo. Akafungua pazia. Timothée alikuwa ameinama juu ya bakuli, kijiti mkononi, shati lake la kazi limetoboka matundu madogo kifuani. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya maji makali ya betri.

"Papa Berthe, unapika nini?"

"Sipiki. Naosha. Angalia." Akainua pesa moja kwa kijiti. Ilikuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Mama Fatouma. Atafurahi, utaona. Baba yake mwenyewe hakuiona namna hii."

"Umemuuliza?"

"Alors, mtu anauliza ruhusa ya kuondoa uchafu? Wewe mwenyewe unarudi toka shule ya jioni, usafi, usafi, sufuria ing'are mpaka ujione uso. Mzungu atakuja akute pesa nyeusi kama sufuria ya mchawi?"

Ni kweli, katika shule ya jioni ya akina mama walifundishwa kusugua sufuria kwa limau na majivu, na aliyeng'arisha kuliko wenzake alipigiwa makofi. Simone akasema tu, "Sufuria haina mama yake. Ngojea kwanza ya Papa Anselme, tumuulize."

"Imekwisha kuingia," Timothée alisema.

Akatazama ndani. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, na ile ngola nyekundu ilikuwa inaelea, inakatika vipande vipande.

Siku ya maonyesho meza ya Timothée iling'aa kuliko zote. Alivaa tai. Simone alisimama nyuma na Berthe mgongoni. Yule Mzungu akaja, mzee mwembamba mwenye kioo cha kukuzia. Aliinama mara moja tu, akarudisha kioo mfukoni, akasogea kwenye meza ya mikeka.

Timothée akamfuata. "Monsieur, hujaziangalia. Ziko safi."

"Nimeziona," mzee alijibu kwa Kifaransa, taratibu, bila dharau. "Weusi ule ulikuwa ngozi yake. Miaka sitini iliisuka. Nikiiona ngozi hiyo, najua pesa ni ya kweli na najua imepita wapi. Asidi imeichuna, imekula na herufi. Vumbi ungelitoa kwa maji na kitambaa laini, ukaishia hapo. Sasa sina cha kusoma."

"Haiwezi kurudi?"

"Hapana."

Hata hilo lingevumilika. Timothée angemeza aibu yake na kurudi kwa kopo lake. Lakini pesa zilikuwa za watu, na ilibidi azirudishe.

Mama Fatouma aliipokea, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akairudisha.

"Hii si yangu."

"Ni yenyewe, Mama. Nimeiosha."

"Mwanangu, mimi ni mzee lakini si kipofu. Yangu nyeusi. Yangu na doa la jani. Hii wametengeneza jana. Yangu umeuzia nani?"

Papa Anselme alikuwa amekaa hapo akinywa chai. Akalipokea likuta lake, akalipima katika kiganja. "Hata ya kwangu," alisema polepole. "Imekuwa nyepesi. Na ngola iko wapi?" Kijana mmoja barabarani akapaza sauti, "Bon, ndiyo maana amenunua tai." Watu wakacheka. Kabla ya jua kuzama Kabondo nzima ilijua kwamba Timothée amewauzia Wazungu pesa za wazee na kuwarudishia za bandia.

Ona ubaya wa jambo hili, msomaji. Mtu huyu alikuwa hajaiba pesa hata moja. Lakini alama zote ambazo zingemtetea alikuwa amezifuta kwa mkono wake.

Simone ndiye aliyetafuta njia. Katika kopo ilibaki pesa moja ambayo haikuwa imeoshwa. "Waite," alimwambia mume wake. "Fanya mbele yao. Waone kwa macho."

Wakaja, wengi kuliko walioitwa, wakazunguka ua. Timothée akamimina maji ya betri katika bakuli, akatia pesa nyeusi. Fsss. Watu wakarudi nyuma. Alipoitoa ilikuwa ya waridi, mpya, haina ukoo.

Mama Fatouma aliinama kuitazama. "Basi ni kweli," alisema. "Ile ilikuwa yangu. Umeiua namna hii." Akajifunga kitenge vizuri. "Heri ungeiba, mwanangu. Mwizi anaweza kurudisha."

Akaondoka. Papa Anselme naye akaondoka, likuta limefungwa katika leso kama kitu cha maiti.

Na hapo katika kundi lile mtu mmoja aliuliza swali dogo: "Asidi hiyo, umetoa wapi?"

Timothée akaisogeza chupa nyuma ya miguu yake. Simone akaelewa papo hapo. Ili kuonyesha kwamba hakuiba pesa, mume wake alikuwa ameonyesha mtaa mzima chupa aliyochukua katika depo aliyopewa kuilinda. Habari ilifika gereji kabla yake. Asubuhi iliyofuata alidaiwa funguo. Nyumba ilikuwa ya kazi, kwa hiyo nayo ikaenda na funguo.

Sasa Timothée yuko upande wa Banalia, anachimba mitaro ya barabara. Alama za asidi hazijatoka vidoleni. Simone amepata chumba kwa shangazi yake huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Anachoma makemba, zile ndizi kubwa, na kuyauza ufukweni. Bado anakwenda shule ya jioni, maana ana matumaini, na mimi pia namwekea matumaini. Lakini mwalimu akisema "ing'are", yeye hutazama chini.

FUNDISHO

Ninyi mnaokusanya vitu vya kale, acheni asidi. Uzee wa kitu si uchafu wake. Vumbi lipanguseni, kilichoota juu ya shaba kwa miaka kiacheni, hicho ndicho jina lake. Na kitu cha mwenzako usikirekebishe kabla hujamuuliza, hata kama nia yako ni nyeupe kama pamba. Nasi akina mama tunaofundishwa mambo mapya, tuyapokee kwa mikono miwili, lakini tujue yanaishia wapi: sufuria tusugue, kumbukumbu za watu tusisugue. Timothée alitaka asifiwe kwa kung'arisha. Leo mkewe anamfariji kwa maneno ya barua tu.

Jana jioni, nyuma ya nyumba ya shangazi, Simone alikuwa anamwogesha Berthe katika beseni. Alichukua sabuni na kitambaa, akaanza kusugua miguu yenye tope la mtoni. Mtoto akamshika mkono.

"Mama, usinisugue sana, Papa hatanijua."